Kupunguza kuni za jiko la shule: mwongozo kwa klabu za mazingira

Klabu nyingi za mazingira katika shule za sekondari Tanzania hupanda miti, huokota taka, na huandaa ngonjera za siku ya mazingira. Yote ni mema. Lakini shule inayolisha wanafunzi 400 kwa jiko la mafiga huteketeza kuni kila siku ya masomo, na mara nyingi hakuna anayejua ni kilo ngapi. Mzabuni analeta lori, mhasibu analipa, mpishi anachoma. Hapo ndipo wanafunzi wanaweza kufanya kazi ambayo hakuna mwingine anayeifanya, kwa sababu wako shuleni kila siku, ni wengi, na wanajua hesabu.

Kuna sababu nyingine ya kuifanya sasa. Serikali imeelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Wakuu wa shule wanajiuliza gesi itawagharimu kiasi gani. Shule isiyojua inachoma kilo ngapi za kuni haiwezi kujibu swali hilo, na ikinunua majiko ya gesi kwa kukisia, mitungi huisha katikati ya muhula na mafiga yanarudi.

Mahitaji ni haya: mizani ya kuning'iniza ya kilo 100 (ile ya kupimia magunia), kamba, kijiti kilichonyooka chenye alama za sentimita, daftari gumu, na ruhusa ya mkuu wa shule. Msianze kwa kununua kitu kingine chochote.

Wapishi kwanza

Nendeni jikoni pamoja na mwalimu mlezi, mchana baada ya chakula, kazi ikiwa imepungua. Amkieni, kaeni, ulizeni. Sufuria gani inasumbua? Siku gani kuni huwa mbichi? Maharage ya mzabuni yupi hayaivi? Majibu yao yatawaokolea wiki nyingi.

Jambo moja liulizwe kwa heshima na mapema: makaa yanayobaki jikoni huenda wapi. Katika shule nyingi wapishi huyachukua nyumbani, nayo ni sehemu ya riziki yao hata kama haikuandikwa popote. Mkipunguza kuni, makaa hayo yatapungua. Mpishi akiona mradi unamnyang'anya, mizani itaharibika, mifuniko itapotea, na hamtajua kwa nini. Kubalianeni tangu mwanzo, mbele ya mkuu wa shule, kwamba sehemu ya fedha itakayookolewa itarudi jikoni: posho, glavu nzito, aproni, au fundi wa kuziba paa linalovuja.

Wiki mbili za kupima bila kubadilisha chochote

Ning'inizeni mizani kwenye boriti imara. Ihakikini kila Jumatatu kwa ndoo ya lita 20: ipimeni ikiwa tupu, kisha ikiwa na maji lita 20. Tofauti iwe kilo 20. Mizani ikidanganya kwa kilo 1 kwenye 20, rekebisheni au iandikeni tofauti hiyo kwenye jalada la daftari.

Asubuhi kabla moto haujawashwa, wanafunzi wawili wa zamu wafunge kuni kwa kamba, wazipime mzigo mmoja mmoja, na kuziweka mahali palipotengwa. Siku hiyo wapishi watumie rundo hilo tu. Zikipungua, zinazoongezwa zipimwe pia. Jioni pimeni zilizobaki. Kisha hesabuni sahani zilizotoka. Msitumie idadi ya wanafunzi kwenye rejesta, kwa kuwa watoro, wagonjwa na wageni hubadilisha hesabu.

Tuseme Jumatatu zimetolewa kilo 210, zimebaki 32. Zimetumika 178. Sahani zilikuwa 392. Gawanyeni: ni gramu 454 za kuni kwa sahani. Namba hiyo, gramu kwa sahani, ndiyo mtakayoifuatilia mwaka mzima.

Linganisheni siku ya maharage na siku ya maharage, siku ya makande na siku ya makande. Siku ya wali ukilinganisha na siku ya makande utaona akiba ambayo haipo. Andikeni pia hali ya hewa na kama kuni zilikuwa mbichi. Halafu mkianza mabadiliko, leteni badiliko moja kwa wakati, wiki mbili kila moja. Klabu zenye haraka hubadilisha vitu vinne kwa mpigo, matumizi yanashuka, na hakuna anayeweza kusema kipi kilisaidia. Bodi ya shule ikiuliza, mnakosa jibu.

Kulowesha maharage

Hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu gharama yake ni mapipa mawili tu. Kwa gramu 100 za maharage makavu kwa kila mwanafunzi, wanafunzi 400 wanahitaji kilo 40. Yakilowa huwa na uzito wa takriban kilo 80 na yanajaa karibu lita 100, bila kuhesabu maji yanayoelea juu. Kwa hiyo andaeni mapipa mawili ya plastiki ya lita 120 yaliyowahi kubeba chakula tu, kamwe yasiwe ya dawa za mimea au kemikali, na maji lita 120 hivi.

Chambueni mawe mchana, osheni, lowesheni saa 2 usiku, mwageni maji saa 12 asubuhi, suuzeni, na mpike kwa maji mapya. Muda wa saa 8 hadi 12 unatosha. Kwenye joto la Dar es Salaam, Tanga au Morogoro, maharage yakilowa kwa zaidi ya muda huo huanza kutoa povu na harufu ya uchachu. Shule ya kutwa, ambako wapishi huondoka saa 10 jioni, imwachie mlinzi kazi ya kuyatia maji maharage usiku, au wapishi wakiyalowesha kabla ya kuondoka, mlinzi abadilishe maji mara moja usiku. Njombe au Makete, baridi inawapa nafasi zaidi.

Huko nyanda za juu kulowesha kuna faida kubwa kuliko pwani. Maji huchemka kwenye joto la chini kadiri mnavyopanda: nyuzi 100 usawa wa bahari, karibu nyuzi 94 Njombe. Maharage yaleyale yanachukua muda mrefu zaidi kuiva, na mpishi akiongeza moto hapati lolote, kwa kuwa maji yanayochemka hayapandi joto tena.

Mambo yanayoharibu:

Maharage ya zamani. Yakihifadhiwa muda mrefu kwenye joto na unyevu, ganda na kiini hugoma kulainika hata yakilowa. Kabla shule haijapokea mzigo, chukueni punje 100 kutoka magunia tofauti, lowesheni usiku, asubuhi hesabuni zilizobaki ngumu kama kokoto. Zikizidi 15, mwambieni mtunza stoo akatae. Kipimo hiki hakigharimu shilingi, na mzabuni akijua kipo huacha kuleta mabaki.

Nyanya na limau mapema. Uchachu huchelewesha kulainika. Kiungo cha nyanya kiingie baada ya punje 9 kati ya 10 kupondeka kati ya vidole.

Magadi kupita kiasi. Yanalainisha kweli, ila yanaharibu vitamini B1 na ladha. Kama wapishi wanayapenda, yatiwe kidogo kwenye maji ya kulowesha ambayo yatamwagwa.

Wizi. Pipa la maharage yaliyolowa nje ya stoo usiku ni kishawishi. Liwe ndani, na ufunguo uwe kwa mtu anayejulikana.

Na tahadhari moja isiyo ya hiari: maharage, hasa mekundu, lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Yana sumu ya asili ambayo moto wa chini peke yake hauiui, na maumivu yake ya tumbo hushika bweni zima.

Mahindi ya makande nayo yaloweshwe. Yaliyokobolewa huiva mapema zaidi kuliko yenye ganda. Ulizeni mashine ya jirani bei ya kukoboa, mlinganishe na bei ya kuni mnazookoa.

Mfuniko, na moto mdogo baada ya kuchemka

Mvuke unaopaa jikoni ni kuni zinazopaa. Kugeuza lita 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji megajuli 2.26. Jiko la mafiga hupeleka kwenye sufuria takriban asilimia 15 tu ya joto la kuni, na kilo 1 ya kuni kavu ina megajuli 15 hivi. Fanyeni hesabu: kila lita inayoondoka kama mvuke imekula karibu kilo 1 ya kuni.

Mnaweza kuupima mvuke huo. Chukueni kipenyo cha ndani cha sufuria. Yenye sentimita 70, kila sentimita 1 ya kina ni lita 3.85. Pimeni kina kwa kijiti chakula kinapoanza kuchemka, andikeni lita zote zinazoongezwa baadaye, pimeni tena kinapoiva. Lita zilizoongezwa jumlisha lita za kina kilichoshuka ndizo zilizokwenda na mvuke. Maji yaliyonywewa na maharage hayatawachanganya, kwa kuwa bado yamo ndani ya sufuria. Kina kikishuka sentimita 5 na mpishi akiongeza ndoo moja ya lita 20, zimepotea lita 39. Mkuu wa shule akiona kwamba kilo 39 za kuni zimekwenda hewani kwenye sufuria moja, fedha ya mifuniko haichelewi. Kazi hii ifanyike mpishi akiwapo, moto ukiwa umetulia, na mpimaji avae glavu. Mwanafunzi asisaidie kamwe kuinua au kuinamisha sufuria ya moto.

Mfuniko wa bati la alumini hutengenezwa na mafundi wa gereji za mtaani. Uwe na ukingo unaoshuka sentimita 3 hivi nje ya mdomo wa sufuria, na mpini wa mbao. Wapishi wengi hukataa mifuniko kwa sababu chakula hufurika. Wana haki: kinafurika kwa kuwa moto haukupunguzwa. Kikishachemka, vuteni magogo nje, bakizeni vijiti vitatu au vinne vinavyotosha kufanya sufuria itokote taratibu. Mpishi anayehofia kuchelewesha chakula atakubali akiona kwamba maharage yaliyolowa yanamrudishia muda ule.

Kuni zinazovutwa zizimwe kwa majivu au mchanga. Makaa yawekwe kwenye debe la chuma lenye kifuniko, nje. Yasihifadhiwe stoo au chumbani kamwe, hata yakionekana yamezimika. Moto hufufuka, na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi huua bila harufu.

Kuni kavu

Pimeni unyevu maabara. Kateni kipande katikati ya gogo, kwa sababu ncha hukauka mapema na zitawadanganya. Kipimeni kwa mizani ya maabara, kikausheni kwenye tanuri la maabara nyuzi 105, au juu ya jiko kwa siku kadhaa, hadi uzito ukome kushuka. Kikitoka gramu 240 hadi 150, unyevu ni 90 kwa 240, yaani asilimia 37.5. Zaidi ya theluthi ya uzito mlionunua ni maji.

Watu hudhani hasara kubwa ni joto la kukausha maji hayo. Hilo ni dogo kuliko linavyoonekana. Kibaya zaidi ni kwamba moto wa kuni mbichi ni baridi, gesi zinazotoka kwenye mti haziungui zote, na zinaondoka kama moshi mzito unaoingia machoni na kifuani mwa wapishi. Moshi ule ni kuni ambazo hazikupata nafasi ya kuwaka.

Lengo ni chini ya asilimia 20. Pasueni magogo hadi unene wa kifundo cha mkono, sentimita 5 hadi 8. Yapangeni kwa kukatisha juu ya matofali au nguzo, sentimita 20 kutoka ardhini, chini ya paa lisilo na kuta, upande unaopata upepo. Kiangazi miezi 3 hutosha kwa miti mingi iliyopasuliwa, ila mikaratusi na migunga inahitaji zaidi. Turubai likifunika rundo hadi chini, unyevu hubaki ndani na ukungu huota. Funikeni juu tu.

Kinachoshinda shule nyingi ni ratiba ya kununua. Lori likifika Aprili, masika yakiwa yamekolea, kuni zinakwenda jikoni siku ileile. Ombeni mkuu wa shule anunue muhula mmoja mbele, na mweke marundo mawili yenye vibao: la kutumia na la kukausha. Bila vibao, la karibu na mlango litaisha kwanza, hata kama ndilo bichi.

Jiko banifu: klabu ikague, fundi ajenge

Jiko banifu ni lile lililojengwa ili litumie kuni chache. Msijenge la taasisi wenyewe. Kagueni lililopo au linalojengwa, kwa rula.

Sufuria izame ndani ya jiko, na kati yake na ukuta kubaki nafasi ya sentimita 2 hadi 3 pande zote. Ikibana zaidi, moto hukosa pumzi na moshi hurudi mlangoni. Ikipanuka, joto hupita pembeni bila kugusa sufuria. Eneo la nafasi hiyo lilingane na eneo la mlango wa kuni. Kwa sufuria ya sentimita 70 na nafasi ya sentimita 2, zidisheni 3.14 kwa 72 (kipenyo 70 jumlisha nafasi 2) kwa 2, mnapata sentimita za mraba 452. Mlango wa sentimita 20 kwa 22 una 440. Vinaendana.

Chumba cha moto kiwe cha tofali za udongo zilizounganishwa kwa udongo na mchanga. Saruji ikiguswa na moto moja kwa moja hupasuka. Nyuma ya tofali hizo yajazwe majivu makavu, maana ni mepesi na hayanywi joto. Mafundi wengine hujaza kifusi au mchanga, na jiko linachukua saa nzima kujipasha lenyewe kabla ya kupasha chakula.

Hatari kubwa huja mwaka wa pili: sufuria inatoboka, shule inanunua nyingine yenye kipenyo tofauti, na nafasi ile inapotea. Andikeni kipenyo kwa rangi ukutani juu ya jiko, na nakala ikae kwa mhasibu.

Kugeuza kuni kuwa hesabu ya gesi

Sasa mna kitu ambacho shule nyingi hazina. Kilo 1 ya gesi ina megajuli 46 hivi, na jiko zuri hufikisha nusu kwenye sufuria: 23. Kilo 1 ya kuni kavu kwenye mafiga hufikisha 2.3. Kwa hiyo gawanyeni kuni za mafiga kwa 10. Kama mnatumia jiko banifu lililojengwa vizuri, ambalo hufikisha asilimia 30 hivi, gawanyeni kwa 5.

Shule inayochoma kilo 180 kwa siku kwenye mafiga itahitaji kama kilo 18 za gesi: mtungi wa kilo 38 unadumu siku 2. Kulowesha na kufunika vikishusha kuni hadi 130, gesi inakuwa kilo 13, na mtungi ule unakaribia siku 3. Tofauti hiyo, kwa mwaka mzima, ndiyo huamua kama mitungi itajazwa tena au itabaki mapambo.

Angalieni hapa, kwa kuwa wengi hupotea. Akiba ya kulowesha, mfuniko na moto mdogo inahamia kwenye gesi, maana chakula chenyewe kinahitaji joto pungufu. Akiba ya kuni kavu na jiko banifu haihamii, kwa sababu ilitokana na kuchoma kuni vizuri zaidi, na gesi haina habari na kuni mbichi. Ndiyo maana mlipima badiliko moja moja. Kwenye ripoti, tenganisheni makundi hayo mawili.

Ripoti yenyewe iwe ukurasa mmoja: gramu kwa sahani kabla, gramu kwa sahani baada ya kila badiliko, na shilingi kwa muhula kwa bei ya lori la mwisho. Mkiambatisha na ombi moja tu, mfano mapipa na mifuniko, bodi itajadili ombi hilo. Mkiomba vitu kumi, watawapongeza na kuahirisha.

Mkaa mbadala na miti

Mkaa mbadala wa vumbi la mkaa na uji wa unga wa muhogo ni somo zuri la kemia, na unafaa kuchemsha chai ya walimu. Kwa sufuria za lita 200 hautoshi, kwa kuwa kuutengeneza na kuukausha kwa wingi huo kutawamaliza nguvu. Kama mna eneo, pandeni mijohoro au milusina mita 2 kwa 2, ambayo ni miche 2,500 kwa hekta. Huchipua tena ikikatwa, na mnaweza kuanza kuvuna kwa zamu baada ya miaka 4 hadi 5. Mikaratusi ikae mbali na chanzo cha maji.

Daftari lisiondoke na kidato cha nne

Kidato cha nne hufanya mtihani wa taifa mwishoni mwa mwaka, na miradi mingi huzikwa miezi hiyo. Wapimaji wa zamu wawe vidato vya kwanza na vya pili, wakubwa wawe wasimamizi tu. Makabidhiano yafanyike Agosti: anayeondoka na anayepokea wapime pamoja kwa wiki moja, waandike namba kila mmoja kwenye karatasi yake, kisha walinganishe. Wakitofautiana zaidi ya kilo 5 kwa siku, wiki irudiwe. Daftari lining'inizwe kwenye msumari ndani ya stoo, kalamu imefungwa kwa uzi, na nakala ya kila mwezi ikae ofisi ya mwalimu mlezi. Baada ya mabadiliko yote kutulia hakuna haja ya kupima kila siku: wiki moja mwanzoni mwa muhula na wiki moja katikati yake zinatosha. Gramu kwa sahani zikipanda, kagueni mifuniko kwanza, kisha unyevu wa kuni, kisha nafasi kati ya sufuria na ukuta wa jiko.